Maulizo ya Wachumba na Mifugo ya Mahari katika Singida

Katika nchi ya Singida, kwa Wanyaturu na kwa Wanyiramba, ndoa tangu zamani ni jambo la koo mbili. Mshenga hutangulia, wazee wa pande zote huketi, mifugo huhesabiwa. Nayo mifugo ikiingia zizini mara nyingi haikai, kwani hutoka tena kumposea mke ndugu wa bibi arusi. Basi binti akikataa baada ya mahari kupokewa, hakatai mume peke yake. Aitikisa na ndoa ya kaka yake.

Desturi hii ina hekima, wala hatuitupi: huunganisha wakwe na kumpa mke heshima. Lakini yafaa tuitazame pamoja na historia ya Kanisa.

Mwaka 866 Papa Nikolao I aliwajibu Wabulgaria, Wakristo wapya kama walivyokuwa wazee wetu. Aliwaeleza taratibu za uchumba na zawadi zake. Kisha akawafundisha kwamba kifanyacho ndoa ni ukubali wa wawili wale, hata mengine yakikosekana. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza ndoa itangazwe mara tatu, ikafungwe mbele ya paroko na mashahidi. Tena uliwalaani wasemao kwamba ndoa ya watoto bila idhini ya wazazi ni batili. Amri ya kufunga ndoa mbele ya padri haikuwa imefika kila nchi, hata agizo liitwalo Ne Temere likaieneza karibu dunia yote tangu Pasaka ya 1908. Mwanzoni mwa karne ile ile Mapadre Weupe waliingia Unyaturu, wakaweka misioni Makiungu.

Sheria za Kanisa zilizotolewa mwaka 1917, zikaanza kutumika 1918, zilimpa paroko kazi nyingine: amwulize kila mchumba peke yake, kwa uangalifu, kama kuna kizuizi, kama akubali kwa hiari, hasa mwanamke, na kama ayajua mafundisho ya dini. Maneno yale, "hasa mwanamke", hayakuandikwa kwa ajili ya Singida. Lakini ni wapi yangefaa zaidi? Binti aliyesemewa na baba na wajomba sasa aulizwa mwenyewe, wala hapana wa kumjibia.

Sheria mpya za 1983 zazidi kuwataka wachungaji wawatayarishe wachumba. Na Sheria ya Ndoa ya nchi yetu, ya mwaka 1971, yasema ndoa haibatiliki kwa kutotimizwa desturi ya mahari.

Hata hivyo swali jema lililoulizwa kwa kuchelewa ni nusu ya swali. Mifugo ikiisha kugawanywa, binti atasema "ndiyo" kwa kumhurumia kaka yake, na padri ataandika kwamba amekubali kwa hiari. Tena wako wachumba waliokubaliana kwa moyo, ila mahari haijatimia. Nao hukaa pamoja miaka mingi mbali na Sakramenti. Katika mambo hayo mawili kosa ni moja: zizi limetangulizwa mbele ya ukubali.

Kwa hiyo sisi walimu, tulio karibu na nyumba kuliko padri, tusingoje matangazo ya kanisani. Tusikiapo mshenga amepita, twende kwa wazazi mapema, tuwaombe binti aulizwe kabla ng'ombe hawajafunguliwa zizini.