Marekani Barazani: Mjadala na Mwamuzi Wake katika Ng'ambo za Mombasa

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Waswahili umeshughulika sana na malumbano ya washairi, na kwa sababu njema. Hata hivyo, mazoea hayo yamewafanya wahakiki wengi kuuona ushindani wa maneno kuwa ni mali ya vina na mizani peke yake. Mazungumzo ya barazani, yasiyokuwa na vina wala mizani, yameachiwa wanaanthropolojia. Kai Kresse, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu wasomi na falsafa mjini Mombasa, aliyapa mazungumzo hayo heshima yanayostahili, ila macho yake yalielekea zaidi kisiwani, hususan Mji wa Kale. Ng'ambo ya maji, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, kuna historia nyingine ya kubishana, na katika historia hiyo Marekani ni mada yenye uzito usiotarajiwa. Makala haya yanashikilia kwamba mada hiyo ndiyo inayoidhihirisha vyema kazi ya mwamuzi wa baraza, kwa vile ni mada ya mbali inayowagusa watu wa karibu.

Yafaa ikumbukwe kwamba Marekani haikuingia Pwani kwa mlango wa siasa. Iliingia kama kitambaa. Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts, akawa balozi mdogo wa nchi hiyo Unguja. Jina la nchi likawa jina la nguo, merikani, na kwa watu wengi nguo ilijulikana kabla ya nchi. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliishi katika miaka hiyohiyo, lakini siasa iliyomshughulisha ilikuwa ile ya Mazrui na Busaidi. Mohamed Abdulaziz ameonyesha, katika utafiti wake wa mwaka 1979, jinsi Muyaka alivyoutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Jambo la kuongezea hapa ni kwamba kujibizana kwa shairi kuna adabu yake ya ndani. Kwa kawaida anayejibu hufuata bahari ya mwenzake, na mara nyingi vina vyake pia; hulazimika kukipokea alichoambiwa kabla ya kukikataa. Katika mazungumzo ya nathari hakuna bahari ya kumzuia msemaji. Mtu ndiye anayeshika nafasi ya mizani, na mtu huyo ni mwamuzi.

Mwamuzi hapigiwi kura. Mamlaka yake hutokana na umri, au na ukweli kwamba baraza ni la nyumba yake, au na ulimi wake tu. Yeye ndiye anayejua zamu ni ya nani, anayemnyamazisha mwenye kudakia, na anayeagiza kahawa pale sauti zinapopanda. Agizo hilo la kahawa lisichukuliwe kuwa jambo dogo. Ni kituo, kama vile kituo cha beti, na anayerejea kusema baada yake haanzii pale alipoachia.

Habari za dunia zilikwisha kupata lugha ya kujadiliwa tangu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Lakini siasa za Marekani hasa zilifika ng'ambo mwaka 1980, na zilifika kwa mwili. Baada ya mapinduzi ya Iran na jeshi la Kisovieti kuingia Afghanistan, serikali ya Jimmy Carter ilitafuta vituo kandokando ya Bahari ya Hindi, na Kenya, pamoja na Oman na Somalia, ikakubali kuyaruhusu majeshi ya Marekani kutumia bandari na viwanja vyake. Uwanja wa ndege wa Mombasa uko Port Reitz, upande wa Changamwe. Kambi ya jeshi la majini la Kenya iko Mtongwe, upande wa Likoni. Kwa hiyo swali kwamba Marekani inataka nini Ghuba halikuwa la magazeti tu. Lilikuwa swali kuhusu mabaharia waliokuwa wakishuka, fedha walizoacha, na heshima ya mji.

Yaliyofuata yanahitaji kusomwa kama fasihi. Mwaka 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria, na hali hiyo ikadumu hadi Desemba 1991. Kumtaja mtawala wa nyumbani kulikuwa na gharama iliyojulikana vyema Mombasa: Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijitabu Kenya: Twendapi? Ronald Reagan, kwa upande mwingine, aliweza kusemwa kutwa nzima. Inaelekea, basi, kwamba rais wa mbali alikuwa fumbo. Aliyelaumu Washington kwa kuwasahau maskini wake hakuwa lazima anazungumzia Washington, na hadhira haikuhitaji kuelezwa. Katika mazingira hayo kazi ya mwamuzi iligeuka. Hakulinda tena zamu tu; alililinda fumbo. Mkosa adabu hakuwa yule mwenye kutukana, bali mwenye kufumbua.

Mfano wa kinyume watoka Marekani kwenyewe. Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin, alipotoa mfululizo wa televisheni The Africans mwaka 1986, Lynne Cheney, aliyekuwa mkuu wa mfuko wa serikali wa taaluma za sanaa uliochangia gharama zake, alitaka jina la taasisi hiyo liondolewe. Baraza lolote la Kisauni lingeuona uamuzi huo kuwa dhaifu: mwenyeji amekasirishwa na mgeni, naye, badala ya kumjibu, anadai kwamba nyumba si yake.

Miaka ya baadaye iliupindua uhusiano wa mada na mazingira yake. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na katika ghasia zilizofuata wengi wenye asili ya bara walihama. Mwaka 2008 ulianza kwa machafuko ya baada ya uchaguzi nchini Kenya na kukaribia kwisha kwa uchaguzi wa Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mjaluo wa Siaya. Rais Kibaki alitangaza tarehe 6 Novemba kuwa siku ya mapumziko. Changamwe, pamoja na wafanyakazi wake wa bandari na reli kutoka kila pembe ya nchi, haikuweza kumjadili Obama bila ya kumjadili jirani. Zamani Marekani ilikuwa pazia la kumfichia mtawala. Sasa ilikuwa kioo cha kumwonyeshea mwenzio kabila lake. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoharamisha matamshi ya chuki. Dola nayo imekuwa mwamuzi, lakini wa namna nyingine: sheria humfuata msemaji baada ya kusema, ilhali mwamuzi wa baraza humwahi neno likiwa bado kinywani.

Uwezo huo nao una mpaka. Julai 2012 Marekani ilimwekea vikwazo Aboud Rogo Mohammed, na tarehe 27 Agosti akauawa kwa risasi barabarani, upande wa Bamburi, ghasia zikafuata. Mswada wa ugaidi uliopingwa na kuondolewa baada ya mwaka 2003 ulikuwa na mrithi wake, sheria ya mwaka 2012. Orodha iliyoandikwa Washington ilikuwa na jina la mtu wa hapa, na mada ikakosa ule umbali uliokuwa ukiiwezesha kuzungumzwa. Mwamuzi huweza kumpa mtu zamu au kumnyima. Hawezi kumhakikishia ni nani anayesikiliza.

Stephanie Diepeveen, katika kitabu cha mwaka 2021, amezichunguza siasa za mikusanyiko ya mitaani ya Mombasa kwa jicho la sayansi ya siasa. Wahakiki wa fasihi hawajafanya kazi inayolingana na hiyo. Mashairi ya Muyaka yalituwahi kwa sababu Mwalimu Sikujua alimsaidia W. E. Taylor kuyakusanya, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mshairi kufariki. Mijadala ya mwaka 1980 haina Sikujua wake, na waliokuwa waamuzi wake, wale walio hai, ni wazee sana.