Kampuni Inapohamishia Mifumo na Data Kwenye Wingu: Yanayopaswa Kupangwa Kabla ya Siku ya Kuhama

Mteja wa benki, mgonjwa wa hospitali binafsi au mwanachama wa chama cha akiba na mikopo haulizwi chochote pale taasisi inayomhudumia inapoamua kuondoa mifumo yake ya TEHAMA kwenye seva zilizo ndani ya jengo lake na kuipeleka kwenye huduma za wingu. Hata hivyo, vinavyosafiri ni salio lake, jalada lake la matibabu na namba yake ya kitambulisho cha Taifa. Uhamaji ukipangwa vibaya, yeye ndiye atakayefika dirishani na kujibiwa kuwa mfumo haupatikani.

Hilo liliwakuta wateja wa benki ya TSB ya Uingereza mwezi Aprili, 2018. Benki hiyo ilikuwa ikitumia mifumo ya Lloyds, benki iliyojitenga nayo, na ikaamua kuhamisha wateja wake wapatao milioni 5 kwenda kwenye mfumo mpya uliojengwa na kundi la Sabadell la Hispania, mmiliki wake wakati huo. Data zilihama salama mwishoni mwa juma moja. Mfumo mpya ndio uliolemewa mara tu wateja walipoanza kuingia. Watu wapatao milioni 1.9 walishindwa kufikia akaunti zao, na usumbufu haukumalizika kabisa hadi mwezi Desemba mwaka huo. Benki ililipa fidia ya pauni milioni 32.7, na mwaka 2022 wadhibiti wawili wa sekta ya fedha nchini humo waliitoza faini ya jumla ya pauni milioni 48.65.

Uhamaji wa TSB haukuwa wa kwenda kwenye wingu kwa maana kamili ya neno, lakini kazi ni ileile: mifumo inayotumika kila siku inang'olewa mahali pamoja na kupandwa mahali pengine, huku wenye data wakiendelea kuhitaji huduma.

Maana ya wingu

Wingu si kitu kilicho angani. Ni seva za kawaida zilizo katika majengo yenye umeme wa uhakika, viyoyozi na ulinzi, zinazomilikiwa na mtoa huduma na kukodishwa kwa wateja wengi kupitia mtandao. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST) ilitoa mwezi Septemba, 2011 tafsiri inayotumika hadi leo: mteja hujihudumia mwenyewe bila kumsubiri mtoa huduma, huduma hufikiwa kwa mtandao, rasilimali hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja, uwezo huongezwa au kupunguzwa haraka, na matumizi hupimwa, kama ilivyo kwa mita ya umeme au maji.

Kampuni inaweza kukodi mashine tupu na kusimamia yenyewe yote yaliyo juu yake. Inaweza kukodi mazingira yaliyo tayari kwa ajili ya kujenga programu zake. Au inaweza kutumia programu iliyokamilika, kama vile barua pepe au mfumo wa uhasibu, na kulipia kwa idadi ya watumiaji.

Orodha huanza kabla ya mkataba

Hatua inayorukwa mara nyingi ni ile isiyo na mvuto: kuandika orodha ya kila kitu ambacho kampuni inacho. Orodha hiyo hutaja kila mfumo, mwenye kuusimamia, kanzidata unayoitumia, idadi ya watumiaji, leseni na tarehe ya kuisha kwake, pamoja na mifumo mingine inayoutegemea. Kipengele cha mwisho ndicho kigumu. Mfumo wa mishahara unaweza kuwa unachukua mahudhurio kutoka kwenye kompyuta ndogo iliyo chini ya meza ya mlinzi wa getini, na hakuna anayekumbuka aliyeuunganisha. Kompyuta hiyo ikisahauliwa, mishahara haitatoka mwisho wa mwezi.

Orodha isitengenezwe na kitengo cha TEHAMA peke yake. Mhasibu anajua ni faili gani hufunguliwa tarehe 25 ya kila mwezi. Mtunza stoo anajua ni ripoti gani huchapishwa mara moja kwa mwaka wakati wa kuhesabu mali. Kuichunguza mitambo kwa wiki mbili hakutaonesha kazi inayofanyika mara moja kwa mwaka. Kwa sababu hiyo, kampuni yenye mwaka wa fedha unaoishia Juni haina budi kuwauliza watumishi wake juu ya yale yanayofanyika Juni.

Orodha ikikamilika, kila mfumo huamuliwa peke yake. Baadhi huhamishwa kama ulivyo, njia ambayo ni ya haraka, ingawa huhama pamoja na kasoro zake zote. Mingine hufanyiwa marekebisho, mingine hubadilishwa kwa kununua programu iliyo tayari, na mingine hubaki ilipo kwa sababu imefungwa kwenye mashine ya kiwandani isiyoweza kuachana nayo. Ipo pia mifumo inayopaswa kuzimwa kwa sababu hakuna anayeitumia, na hii huwa mingi kuliko uongozi unavyodhani.

Kampuni ya Netflix ya Marekani ni mfano wa gharama ya kuchagua njia ndefu. Mwezi Agosti, 2008 kanzidata yake iliharibika, na kwa siku tatu ikashindwa kuwatumia wateja wake DVD. Iliamua kuhamia kwenye wingu la Amazon, lakini badala ya kubeba mifumo ilivyo, iliijenga upya karibu yote. Kazi hiyo ilikamilika Januari, 2016, zaidi ya miaka saba baadaye, na mifumo ya malipo ya wateja ilikuwa miongoni mwa ya mwisho kuhama. Ratiba inayoahidi kuhamisha kila kitu kwa robo moja ya mwaka, mifumo ya fedha ikiwa ya kwanza, inastahili kutiliwa shaka.

Matakwa ya sheria

Nchini Tanzania, kampuni inayokusanya taarifa za wateja inafungwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023 na inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria inamtofautisha mkusanyaji, yaani anayeamua taarifa zikusanywe kwa lengo gani, na mchakataji, anayezishughulikia kwa niaba yake. Kampuni inayohamia kwenye wingu huendelea kuwa mkusanyaji, na mtoa huduma wa wingu ni mchakataji tu. Kukodi seva hakuhamishi wajibu kwa mwananchi ambaye taarifa zake zimo ndani yake.

Sheria hiyo inamtaka mkusanyaji na mchakataji kujisajili kwenye Tume na kuwa na afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi. Aidha, ina sehemu mahsusi kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi, na kanuni zake za mwaka 2023 zinaweka utaratibu wa kuomba kibali cha Tume. Suala hili si la nadharia. Kampuni tatu kubwa za wingu duniani zilipofungua kanda zake za kwanza za huduma barani Afrika, zilizifungua Afrika Kusini: Microsoft mwezi Machi, 2019 mjini Johannesburg na Cape Town, Amazon mwezi Aprili, 2020 mjini Cape Town, na Google mwezi Januari, 2024 mjini Johannesburg. Kampuni ya Mwanza inayochagua mojawapo ya kanda hizo inasafirisha taarifa nje ya mipaka, hata kama hakuna mtumishi wake aliyevuka Tunduma. Kibali hiki kiombwe mapema, kwani kukiomba baada ya kusaini mkataba ni kujifunga mikono.

Zipo pia huduma zinazotolewa ndani ya nchi, kikiwemo Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Kwa upande wa taasisi za umma, uamuzi hauachwi kwa taasisi moja moja. Miradi yao ya TEHAMA huongozwa na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA). Kampuni zilizo chini ya mdhibiti wa sekta, kama benki na bima, hazina budi kumshirikisha mdhibiti huyo kabla ya kuanza.

Mkongo na ankara

Tarehe 12 Mei, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma za intaneti zikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Siku hiyo, kampuni iliyokuwa na mfumo wa mauzo ndani ya duka lake iliendelea kuuza. Ile ambayo mfumo wake ulikuwa ng'ambo ilitegemea kama ilikuwa na njia ya pili ya mawasiliano. Kulipia watoa huduma wawili wa intaneti hakutoshi iwapo wote wawili wanapita kwenye mkongo mmoja. Swali la kuwauliza kabla ya kusaini ni hili: mkongo wenu ukikatika, mnapita wapi?

Kasi ya mtandao huamua pia muda wa kuhama. Terabaiti 10 za data zikipitishwa kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, bila mtumiaji mwingine yeyote, huchukua zaidi ya siku 9. Katika siku hizo wateja wanaendelea kununua na kulipa, kwa hiyo nakala iliyotumwa siku ya kwanza imeshapitwa na wakati siku ya tisa, na lazima pawepo namna ya kupeleka mabadiliko yaliyotokea katikati.

Kuhusu gharama, ahadi ya kulipia kile tu kinachotumika ni ya kweli na ni ya hatari kwa pamoja. Mashine iliyowashwa kwa majaribio na kusahauliwa huendelea kutozwa fedha usiku na mchana. Ankara za watoa huduma wa nje huja kwa dola wakati mapato ya kampuni ni shilingi, na juu yake huongezeka kodi, ambazo mhasibu anapaswa kuzithibitisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) wakati bajeti bado inaandaliwa. Gharama ya kutoa data kwenye wingu nayo hutofautiana na ya kuziingiza. Kuziingiza kwa kawaida ni bure. Watoa huduma watatu waliotajwa walitangaza mapema mwaka 2024 kuondoa tozo hiyo kwa mteja anayehama moja kwa moja, lakini kwa matumizi ya kila siku imebaki.

Mazoezi, na njia ya kurudi

Uchunguzi huru uliofanywa baada ya mkasa wa TSB ulibaini kuwa mfumo mpya ulitegemea vituo viwili vya data, lakini majaribio ya kupima uzito wa kazi yalifanyika kwenye kimoja tu. Zoezi la kuhama halina maana iwapo halifanani na siku yenyewe: idadi ileile ya watumiaji, mitambo ileile, data za ukubwa uleule. Mpango mzuri hutaja pia saa ambayo, iwapo mambo fulani hayajatengemaa, timu itarudi kwenye mfumo wa zamani, na humtaja mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua hivyo. Bila jina hilo, saa nane za usiku kila mmoja humsubiri mwenzake.

Usalama nao haununuliwi pamoja na kifurushi. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilipoteza taarifa za watu wapatao milioni 106 zilizokuwa kwenye wingu. Majengo ya mtoa huduma hayakuvamiwa. Mhalifu alipita kwenye kinga ya mtandao ambayo benki yenyewe iliipanga vibaya, na mdhibiti aliitoza benki, si mtoa huduma, faini ya dola milioni 80.

Vivyo hivyo kwa nakala rudufu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi, 2021, moto uliteketeza jengo moja la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliopoteza kila kitu, wakiwemo waliodhani kuwa mtoa huduma anawatunzia nakala, na wengine ambao nakala zao zilikuwa kwenye eneo hilohilo. Kanuni ya zamani ya watunza kumbukumbu haijapitwa na wakati: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mbali. Nakala hizo zijaribiwe kwa kurejesha data kweli, walau mara moja kabla ya kuhama.

Baada ya kuhama, seva za zamani huachwa zikiwa zimewashwa kwa muda uliokubaliwa, kisha hufutwa data zake kwa namna isiyoweza kurejeshwa ndipo zitolewe kwenye orodha ya mali. Diski zenye majina na namba za simu za wateja hazipaswi kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hupelekwa kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali, na kampuni hubaki na hati inayoonesha namba ya kila diski na tarehe iliyoharibiwa.