Vita Vilivyofunga Njia ya Ujiji

Atokaye Bangwe, mjini Kigoma, hata akaingia Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, hulakiwa na sanamu za Livingstone na Stanley wakiamkiana, na nje ya jengo huuona mnara uliosimamishwa mwaka 1927. Lakini sanamu hizo, zinazotusimulia saa moja tu ya mwaka 1871, hazitwambii kwa nini Stanley alifika kwa kuzunguka Ukonongo na Uvinza, akaiacha njia ya misafara itokayo Tabora.

Sababu ni vita, na aghalabu vita hivyo huitwa vya Mirambo na Waarabu, ilhali Wanyamwezi walikuwa pande zote mbili. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, aliwatoza ushuru wafanya biashara, nao wakamwondoa karibu na mwaka 1860 na kumtawaza Mkasiwa; Mnywa Sere akapigana miaka mingi mpaka alipouawa mwaka 1865. Basi Mirambo wa Uyowa, alipoinuka na wapiganaji wake waitwao warugaruga, aliikuta Unyanyembe imekwisha kupasuka kama chungu.

Kwa mujibu wa maandiko ya Stanley, msafara wa Waarabu uliokuwa ukija Ujiji ulizuiwa na Mirambo, akadai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Baada ya kubishana sana wakalipa, na walipokwisha kulipa wakaambiwa kwamba hawapiti. Mwezi Agosti 1871 wafanya biashara, ambao Stanley alikuwa ameungana nao vitani, wakaushambulia mji wa Wilyankuru; Stanley mwenyewe alibaki nyuma kwa homa, lakini baadhi ya watu wake walikwenda. Walipokuwa wakirudi na mateka wakavamiwa njiani, akafa kiongozi wao, Soud bin Sayd. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akafa mfanya biashara Khamis bin Abdallah.

Kwa hiyo sharti tukumbuke kwamba shahidi wetu mkuu alikuwa mpiganaji wa upande mmoja, na katika kurasa zake za mwaka 1871 Mirambo ni jambazi tu. Lakini amani ilipopatikana, Stanley akakutana naye mwezi Aprili 1876, wakafanya udugu wa kuchanjiana damu, na mkono ule ule ukamwandika kuwa muungwana kamili, mpole wa maneno. Jambo hilo kwangu lina thamani kuliko sanamu zote, maana mtu yule hakubadilika kwa kiasi hicho katika miaka mitano. Aliyebadilika ni mwandishi.

Karatasi za Stanley zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, na za ubalozi mdogo wa Uingereza zipo katika Nyaraka za Taifa, Unguja. Hatuhitaji kuzihamisha. Nakala za kurasa mbili tu, ya 1871 na ya 1876, zikifasiriwa kwa Kiswahili na kutundikwa ubavuni mwa sanamu zile, zingemtosha mwanafunzi wa Bangwe kuanza kuuliza ni nani aliyeandika, na siku ile alikuwa upande gani.