Vitanda vilivyokaa bure: Wastaafu waliorudi bwenini

BWENI la chuo halikujengwa kwa ajili ya magoti ya mtu wa miaka 70. Ngazi ni nyingi, kitanda ni chembamba, na bafu liko mwisho wa korido, la watu wote. Hata hivyo, mwaka 1975, majira ya joto yalipoingia na wanafunzi wakaenda likizo, wastaafu 220 walibeba mabegi yao wakahamia kwenye mabweni ya namna hiyo katika vyuo vitano vya jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani. Walilipia kula kwenye bwalo la wanafunzi, kulala kwenye vitanda vya wanafunzi na kuketi darasani mbele ya wahadhiri. Cheti hakikuwepo, wala hakuna aliyekiulizia.

Mpango huo uliitwa Elderhostel, yaani hosteli ya wazee. Kufikia mwaka 1980 ulikuwa umeenea katika majimbo yote 50 ya Marekani, na zaidi ya watu 20,000 walikuwa wakihudhuria. Leo wastaafu wanaosafiri ili kujifunza ni jambo la kawaida katika nchi nyingi, na watu wachache hukumbuka kwamba safari hizo zilianzia kwenye vitanda vilivyoachwa na vijana.

Mtu na mkoba wake

Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Marty Knowlton, mwalimu na mwanaharakati, alikuwa mtembeaji. Kabla ya mwaka 1975 alizunguka Ulaya kwa miguu kwa muda wa miaka minne, mkoba mgongoni, akilala kwenye hosteli za vijana.

Alirudi na mambo mawili kichwani. La kwanza ni hosteli zenyewe: kitanda cha bei nafuu, jiko la pamoja na wageni wasiojuana hufanya mtu atoke kwao bila kuogopa gharama. La pili aliliona katika vyuo vya wananchi vya Skandinavia. Humo alikuta wazee wakiwarithisha wengine ngoma, muziki, kazi za mikono na simulizi za kwao. Hawakuwa wamewekwa pembeni wasubiri siku zao. Walikuwa na kazi ya kufanya, na kazi hiyo ilihitaji umri wao.

Nyumbani Marekani alikutana na David Bianco, aliyesimamia mabweni ya Chuo Kikuu cha New Hampshire katika mji wa Durham. Bianco alimpa Knowlton kazi ya kuendesha hosteli ya vijana iliyofunguliwa chuoni hapo. Inasimuliwa kwamba katika mazungumzo yao, Bianco ndiye aliyeropoka kuwa chuo kile hakikuhitaji hosteli ya vijana, bali ya wazee. Neno likamtoka kama utani, mwenzake akalidaka kama mpango.

Anayesimamia mabweni anajua jambo ambalo profesa halijui: kitanda kitupu kinakula hela kama kitanda chenye mtu. Jengo linalindwa, linafagiwa na kutengenezwa hata wanafunzi wakiwa kwao. Na nje ya geti la chuo walikuwepo watu wenye afya, wenye pensheni na wenye siku nzima mkononi, wasiojua wazipeleke wapi. Vitu viwili vilivyokuwa vimekaa bure vikakutanishwa. Kwa kuwa vyumba, jiko na walimu vilikuwepo tayari, bei ikawa ya chini.

Shule isiyo na mtihani

Wazo lenyewe lina babu, na babu huyo ni Mdenmark. Nikolai Grundtvig, kasisi na mshairi aliyefariki mwaka 1872, alichoshwa na shule za kukariri Kilatini. Alitaka shule inayomfundisha mkulima maisha yake mwenyewe: lugha yake, historia yake, nyimbo zake, kwa mazungumzo na bila mtihani. Chuo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Kutoka hapo mtindo ukavuka kwenda Norway, Sweden na Finland.

Marekani nayo ilikuwa na mazoea yake. Mwaka 1874, kando ya Ziwa Chautauqua katika jimbo la New York, mchungaji John Heyl Vincent na mfanyabiashara Lewis Miller waliandaa kambi ya kuwanoa walimu wa shule za Jumapili. Kambi ikapanuka, ikaingiza sayansi, muziki na siasa, na familia zikaanza kwenda huko kila majira ya joto kupumzika na kusikiliza mihadhara. Taasisi hiyo ipo hadi leo. Mwaka 1962 chuo cha New School jijini New York kikaanzisha kitengo cha wastaafu waliofundishana wenyewe kwa wenyewe. Na mwaka 1973, huko Toulouse, Ufaransa, Profesa Pierre Vellas akaanzisha Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu, akiwa na maana ya umri unaofuata baada ya utoto na kazi.

Kwamba haya ya mwisho yalikaribiana si bahati. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935 iliwapa Wamarekani pensheni wakifikisha miaka 65, na mwaka 1965 ikafuata bima ya afya ya wazee, Medicare. Kwa mara ya kwanza lilipatikana kundi kubwa la watu waliomaliza kazi kabla hawajachoka. Kiswahili huyaita malipo ya mwisho wa kazi kiinua mgongo, na ni jina la haki kabisa. Swali lililobaki ni mgongo ukishainuka, mwenyewe aelekee wapi.

Jumapili hadi Jumamosi

Utaratibu wa mwanzo ulikuwa rahisi kiasi cha kuweza kuandikwa nyuma ya bahasha. Mgeni alifika Jumapili jioni, akapewa ufunguo, shuka na taulo. Tangu Jumatatu alikuwa na masomo matatu kwa siku, yaliyochaguliwa yasifanane: fasihi, jiolojia, pengine historia ya mahali hapo. Kazi ya nyumbani haikuwepo, wala alama. Mchana alishika sinia akapanga foleni ya bwalo, kisha akatembea msituni au akaketi kivulini na watu aliokutana nao juzi. Jumamosi kila mtu akarudi kwake.

Sharti kubwa lilikuwa umri: miaka 60 na kuendelea, ingawa aliyeandamana na mhusika aliweza kuwa mdogo zaidi. Knowlton mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1920, hakuwa na sifa ya kujiandikisha katika mpango aliouanzisha.

Wahadhiri nao walikuta darasa la namna nyingine. Mtu wa miaka 65 mwaka 1975 alizaliwa mwaka 1910. Soko la hisa la New York liliporomoka mwaka 1929 yeye akiwa na miaka 19, umri wa kutafuta kazi. Mhadhiri kijana angemfundisha nini kuhusu mdororo wa uchumi ambacho mguu wake haukukikanyaga? Hapo wazo la Skandinavia likaingia kwa mlango wa nyuma: mwanafunzi akinyoosha mkono, darasa zima likawa lake. Penye wazee haliharibiki neno, na mara nyingine halimaliziki.

Pacha wa Tanzania

Msomaji wa Tanzania ana sababu ya pekee ya kuukumbuka mwaka 1975. Mwalimu Julius Nyerere naye alivutiwa na vyuo vya Skandinavia. Alikuwa ameshautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikuwa imewakusanya wanakijiji kwenye vikundi vya redio. Kisha mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi.

Mbegu ilikuwa moja, ya Grundtvig, na mwaka ni ule ule, lakini udongo ulikuwa mwingine. Kule New Hampshire ikaota kuwa wiki ya starehe ya akili kwa aliyemaliza kazi. Huku kwetu ikaota kuwa useremala, uashi, ushonaji na kilimo kwa mtu mzima anayeitafuta kazi. Mmoja alijifunza kwa sababu hana tena haja ya mshahara, mwingine kwa sababu hajaupata. Wote wawili walipimwa kwa kitu kisichokuwa cheti peke yake, na hapo ndipo undugu wao unapoonekana.

Bweni laachwa, jina lafuata

Kuanzia mwaka 1981 Elderhostel ilivuka mipaka na kwenda Mexico, Uingereza na Skandinavia, ikirudi ilikochotwa. Kadiri ilivyokua, wateja wakabadilika. Waliofika mwanzo walikuwa wamekulia kwenye dhiki na vita. Bafu la korido halikuwatisha. Waliofuata walikuwa watoto wa neema ya baada ya vita, na walitaka choo cha chumbani. Hoteli zikachukua nafasi ya mabweni, na umri wa kuingia ukashushwa hadi miaka 55. Bei nayo ikapanda na hadhi, ingawa nafasi za ufadhili zilibakizwa kwa wasiojiweza.

Mwaka 2010 safari zake zikapewa jina jipya, Road Scholar, msomi wa barabarani, jina linalochezea lile la ufadhili maarufu wa Rhodes wa Chuo Kikuu cha Oxford. Jina la zamani likabaki kwenye hati za kisheria tu. Kizazi kipya cha wastaafu hakikutaka kuitwa wazee, wala hakikutaka kulala hosteli. Knowlton hakuliona badiliko hilo; alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 88.

Kwa sikio la Mswahili, nusu ya pili ya kesi hiyo inaeleweka: nani anapenda bafu la foleni? Nusu ya kwanza ndiyo inayoshangaza. Hapa kwetu kijana wa miaka 35 akipewa ofisi yenye kiyoyozi huitwa mzee kabla kiti hakijapata joto, naye hakatai. Kule watu waliofikisha umri wa kuitwa wazee kwa haki walilikimbia neno hilo mpaka shirika likalifuta kibaoni. Lakini tukitazama vizuri, sisi huwapa wazee wetu jina na salamu, kisha tunawaacha barazani. Wale 220 wa mwanzo walipewa pia ufunguo wa chumba, shuka na taulo, na ratiba ya Jumatatu asubuhi.