Samaki Mdogo na Mto Unaorudi Nyuma

Katika jimbo la California huko Marekani yuko samaki mwenye urefu kama wa kidole cha mkono. Wenyewe humwita delta smelt. Harufu yake ni ya tango lililokatwa sasa hivi, na kwa kawaida umri wake hauvuki mwaka mmoja. Hapatikani popote duniani ila pale mito ya Sacramento na San Joaquin inapokutana na maji ya chumvi ya ghuba ya San Francisco. Pamoja na udogo wake amepeleka mawakili mahakamani, amegombanisha wakulima na wavuvi, na mwaka 2025 Rais Donald Trump alimtaja akidai kwamba watu wananyimwa maji kwa ajili ya samaki.

Leo nataka tuitazame historia yake, maana ndani yake limo swali linalotuhusu hata sisi: kiumbe akiokolewa, na makazi yake yakaachwa yaharibike, je, ameokolewa kweli?

Tuanze na tope. Samaki huyu hupenda maji ya baridi, yenye chumvi kidogo na tope. Katika tope ndimo anamojificha, na waliomfuga wameona kwamba watoto wake hawali vizuri katika maji maangavu. Baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1848, wachimbaji walibomoa milima kwa mabomba ya maji, udongo ukajaa mitoni, hadi mahakama ilipozuia uharibifu huo mwaka 1884. Wakulima nao walijenga kingo na kukausha vinamasi, hata leo imebaki sehemu ndogo tu. Kisha yakaja mabwawa makubwa, likiwemo la Shasta lililokamilika mwaka 1945. Mabwawa yalizuia maji, yakazuia na tope. Mto ukawa mwangavu, na samaki akakosa pa kujificha.

Mwaka 1951 pampu za serikali kuu zilianza kuvuta maji ya delta kwenda mashamba ya kusini, na katika miaka ya 1960 jimbo likaanza kujenga za kwake. Nguvu ya pampu hizi ni kubwa kiasi kwamba baadhi ya mikono ya mto hutiririka kinyumenyume, kuelekea kwenye pampu badala ya baharini. Samaki asiye hodari wa kuogelea huchukuliwa na mkondo huo. Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu. Maji hayo huwafikia watu zaidi ya milioni 25, na mashamba yanayoyategemea yanalisha watu wengi.

Mwaka 1986 akatokea adui mwingine: kome mdogo kutoka Asia, anayeaminika kuletwa na maji ambayo meli hubeba tumboni ili zisiyumbe. Kome huyu huchuja maji usiku na mchana na kula vijidudu ambavyo ni msingi wa chakula cha samaki. Ongeza hapo dawa za mashambani, ongeza ukame, ongeza joto.

Nilipokuwa nasomea diploma ya uandishi wa habari, tulifundishwa kuuliza "nani?" kabla ya mengine yote. Katika habari hii, kila unayemuuliza humwonyesha mwenzake. Mkulima husema ni kome. Mtetezi wa samaki husema ni pampu. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kwa hiyo kila mmoja hupata sababu ya kungoja mwenzake aanze.

Wakati wanangojana, watafiti walikuwa wakihesabu. Tangu mwaka 1967, karibu kila majira ya kupukutika kwa majani, mashua hupita vituo vilevile zikikokota nyavu. Profesa Peter Moyle wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alikuwa miongoni mwa walioonya mapema kwamba idadi inashuka. Mwaka 1993 samaki huyu aliwekwa chini ya ulinzi wa sheria. Mwaka 2007 Jaji Oliver Wanger aliamuru uvutaji wa maji upunguzwe kwa kipindi fulani. Hata hivyo mwaka 2018 nyavu za utafiti huo hazikunasa hata mmoja, na miaka iliyofuata ikawa vivyo hivyo.

Maabara nayo ilitoa onyo lake. Maji yanapokaribia nyuzi joto 25, samaki huyu huwa katika dhiki kubwa. Binamu yake kutoka Japani, aliyepandikizwa California mwaka 1959, huvumilia joto zaidi. Siku za kiangazi nafasi kati ya joto la mto na kikomo cha uhai wa samaki huyu ni finyu sana.

Hivyo wataalamu wa Davis walianzisha safina. Tangu mwaka 2008, katika kituo cha Byron, karibu kabisa na pampu zilezile, hufuga samaki hawa kwenye matangi. Hupima vinasaba vya wazazi na kupanga nani azae na nani, ili ndugu wasizaliane. Desemba 2021 walianza kuwarudisha mtoni kwa majaribio. Msimu huo wa baridi pekee waliachiwa zaidi ya 50,000. Wachache walinaswa tena wakiwa hai.

Ni kazi ya kupongezwa. Lakini watafiti haohao wamegundua kwamba vizazi vinavyolelewa matangini huzoea maisha ya matangini. Tangi linahifadhi samaki, na polepole linamgeuza kuwa samaki wa tangi.

Sisi Watanzania tunaijua habari hii. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996. Maji ya maporomoko yakachepushwa kuzalisha umeme, na mwaka 2000 baadhi ya vyura wakapelekwa Marekani kufugwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kurudishwa kwake mwaka 2012 kuliwezekana kwa sababu kulikuwa na mahali pa kumrudisha: mabomba ya kunyunyizia yalikuwa yamefungwa korongoni, na sehemu ya maji iliachwa ipite.

Sheria yetu ya maji ya mwaka 2009 inasema mahitaji ya binadamu yatangulie, kisha mazingira, ndipo matumizi mengine. Ni mpangilio mzuri. Kazi iliyobaki ni kuuheshimu wakati bwawa bado liko kwenye michoro, kabla mtaalamu hajaitwa kuja na tangi lake.