Vichujio vya uharamia mtandaoni: Ulinzi wa hakimiliki wagongana na haki ya faragha

PROGRAMU za tarakilishi zinazozuia nyimbo, filamu na mechi za wizi kusambazwa katika intaneti zimekuwepo kwa zaidi ya miaka ishirini. Watunzi na kampuni za kurekodi muziki huzitetea kuwa kinga yao dhidi ya maharamia. Watetezi wa haki za raia nao husisitiza kuwa programu ya aina hiyo haiwezi kumtambua mwizi bila kwanza kupekua mzigo wa kila mpita njia, mwizi na asiye mwizi.

Mvutano huo ulipata jukwaa lake kuu nchini Ubelgiji, katika kesi iliyodumu miaka saba na kufika mbele ya mahakama ya juu zaidi ya Muungano wa Ulaya. Uamuzi uliotolewa huko mwaka 2011 ungali msingi wa mijadala mingi kuhusu suala hili.

Ili kuielewa kesi yenyewe, ni muhimu kwanza kufahamu jinsi vichujio hivi vinavyofanya kazi.

Vipo vya aina mbili kuu. Aina ya kwanza huangalia anwani pekee. Kampuni inayotoa huduma za intaneti hupewa orodha ya tovuti zilizopigwa marufuku, na mteja anapojaribu kuzifungua, ombi lake hukataliwa. Mfano wake ni karani wa posta anayesoma jina lililoandikwa juu ya bahasha na kuirudisha bila kuifungua.

Aina ya pili hufungua bahasha. Kila kinachopita katika intaneti, iwe ni barua, picha au wimbo, hukatwa vipande vidogo vidogo na kuunganishwa tena kinapofika. Kichujio cha aina hii husoma kilichomo ndani ya vipande hivyo, kisha hukilinganisha na hazina ya kazi zilizosajiliwa na wenye hakimiliki. Wimbo hautambuliwi kwa jina la faili, kwani jina hubadilishwa kwa urahisi. Hutambuliwa kwa sifa za sauti yenyewe: mapigo, milio na mpangilio wake. Wataalamu huziita sifa hizo alama za vidole za wimbo, na kampuni ya Audible Magic ya California, Marekani, ni miongoni mwa zilizopata umaarufu kwa kuuza teknolojia hiyo.

Teknolojia ya alama za vidole yenyewe haina ubaya. Mtandao wa YouTube, ulioanzishwa mwaka 2005, ulianza kutumia mfumo wake wa kutambua kazi zenye hakimiliki mwaka 2007, na hapo mfumo hukagua video ambazo mwenyewe ameamua kuziweka hadharani. Shida huanza kifaa hicho kinapoondolewa mlangoni pa tovuti moja na kuwekwa katika njia kuu, mahali ambapo mawasiliano yote ya wateja hupitia.

Hivyo ndivyo hasa chama cha SABAM kilivyotaka. SABAM hukusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi, waandishi na wachapishaji nchini Ubelgiji. Mwaka 2004 kilibaini kuwa wateja wa kampuni ya Scarlet, ambayo awali ilijulikana kama Tiscali, walikuwa wakipakua nyimbo za wanachama wake bila idhini wala malipo. Walitumia mitandao ya kugawana faili, ambamo kila mtumiaji huchukua faili moja kwa moja kutoka kwa tarakilishi ya mwenzake. Hakukuwa na tovuti ya kufunga wala mwenye duka wa kushtakiwa.

Mnamo Juni 2004 chama hicho kilimwendea rais wa mahakama ya mwanzo ya Brussels. Kiliomba Scarlet ilazimishwe kuzuia wateja wake kutuma au kupokea faili zenye nyimbo hizo. Ikumbukwe kuwa Scarlet haikuwa ikihifadhi wimbo wowote. Kazi yake ilikuwa kuwauzia wateja njia ya kuingia katika intaneti, na basi.

Mahakama ilimteua mtaalamu kuchunguza iwapo jambo hilo lingewezekana. Ripoti yake ilieleza kuwa vikwazo vya kiufundi vilikuwa vingi, lakini uwezekano wa kuchuja na kuzuia faili hizo haungeweza kupuuzwa kabisa. Kwa msingi huo, mnamo Juni 29, 2007, Scarlet iliamriwa kuweka kichujio katika muda wa miezi sita, la sivyo ingetozwa euro 2,500 kwa kila siku ya kuchelewa.

Kampuni hiyo ilikata rufaa. Ilidai kuwa kichujio kingedhoofisha mtandao wake na kwamba agizo hilo lilikwenda kinyume na sheria ya Ulaya ya mwaka 2000 kuhusu biashara ya kielektroniki, ambayo wakati huo ilikataza mataifa kuzibebesha kampuni za intaneti wajibu wa jumla wa kuchunguza kila kinachopita kwao. Hoja iliyovuta hisia za wengi ilikuwa ya tatu: kwamba kuchuja kungemaanisha kuchakata anwani za IP za wateja, na anwani hizo ni habari za kibinafsi.

Anwani ya IP ni nambari ambayo kila kifaa hupewa kinapoingia katika intaneti. Kwa mtazamaji wa kawaida ni tarakimu tupu. Lakini kampuni inayotoa huduma inajua ni mteja gani aliyepewa nambari ipi na saa ngapi. Hapa Kenya, ambako wengi huingia intaneti kupitia simu na laini husajiliwa kwa kitambulisho, si vigumu kuona jinsi tarakimu hizo zinavyoweza kumfikia mtu nyumbani kwake.

Mahakama ya rufaa ya Brussels iliona suala hilo ni zito na mnamo Januari 28, 2010 ikalipeleka kwa Mahakama ya Haki ya Muungano wa Ulaya iliyoko Luxembourg. Uamuzi ulitolewa Novemba 24, 2011.

Majaji walianza kwa kueleza kichujio kingelazimika kufanya nini. Kwanza, Scarlet ingetafuta faili za mitandao ya kugawana miongoni mwa mawasiliano yote ya wateja wake wote. Pili, ingetambua faili zipi zina kazi zinazodaiwa kuwa na hakimiliki. Tatu, ingeamua zipi kati ya hizo zinagawanywa kinyume cha sheria. Nne, ingezizuia. Hatua ya kwanza pekee ilitosha kuonyesha kwamba hakuna mteja ambaye angeepuka jicho la mashine, hata yule ambaye hajawahi kupakua wimbo wa wizi maishani mwake.

Mahakama ilikubali kuwa hakimiliki ni mali, na kwamba mali inalindwa na Mkataba wa Haki za Kimsingi wa Muungano huo. Lakini ikaongeza kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo ni takatifu kiasi cha kutoguswa. Ni lazima ipimwe pamoja na haki za wengine. Scarlet ilikuwa na uhuru wa kufanya biashara bila kulazimishwa kugharamia mtambo ghali, tena kwa muda usio na kikomo. Wateja walikuwa na haki ya kulindiwa habari zao za kibinafsi, na majaji wakatamka kuwa anwani za IP zimo katika ulinzi huo kwa sababu humtambulisha mtumiaji bayana.

Kulikuwa pia na haki ya kutoa na kupokea habari. Majaji walisema kichujio huenda kisitofautishe ipasavyo kati ya kilicho halali na kisicho halali. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kazi nyingine hakimiliki yake imekwisha muda au mtunzi mwenyewe amezitoa bure. Mashine husikia wimbo. Haijui ruhusa aliyonayo anayeutuma.

Agizo dhidi ya Scarlet likakataliwa. Miezi mitatu baadaye, Februari 16, 2012, SABAM ilishindwa tena katika kesi kama hiyo dhidi ya Netlog, mtandao wa kijamii wa Ubelgiji.

Itakuwa makosa kudhani kuwa ushindi huo uliwaacha watunzi mikono mitupu. Mahakama hiyohiyo iliamua Machi 2014, katika kesi iliyotoka Austria, kwamba kampuni za intaneti zinaweza kuagizwa kufunga tovuti mahususi inayosambaza kazi za wizi. Kilichokatazwa ni kufungua bahasha za watu wote.

Nchini Uingereza njia hiyo ya orodha ilikuwa imeanza mapema. Mnamo Julai 2011 Mahakama Kuu ya London iliamua kuwa kampuni ya BT iwazuie wateja wake kufikia tovuti ya Newzbin2 iliyokuwa ikitoa filamu bila idhini. Mtambo ambao ungetumika ulikuwa tayari upo: Cleanfeed, uliobuniwa kuzuia picha za kuwadhulumu watoto kimapenzi. Hakuna aliyepinga lengo la awali la mtambo huo. Hata hivyo, kifaa kilichojengwa kwa ajili ya uovu mkubwa kabisa kiligeuzwa kuwa mlinzi wa filamu, na hilo ndilo wanaojali faragha walikuwa wamelitahadharisha tangu mwanzo.

Hata vichujio vya anwani vina madhara yake. Italia ilipitisha sheria nambari 93 mwaka 2023 na kuanzisha mfumo uitwao Piracy Shield mwezi Februari 2024, hasa kwa ajili ya mechi za kandanda. Kampuni za intaneti zinatakiwa kufunga anwani inayolalamikiwa katika muda wa dakika 30. Mwezi huohuo wa Februari, anwani moja ya kampuni ya Cloudflare ilifungwa, na tovuti nyingi zisizo na hatia zilizokuwa zikiitumia zikafungwa pamoja nayo. Oktoba 2024 ikawa zamu ya Google Drive, ambayo Waitaliano wengi huhifadhia nyaraka zao za kazi. Dakika 30 hazitoshi kwa mtu kusikilizwa.

Kuna mfano mwingine wa kale kidogo, usiohusu kampuni za intaneti bali wauzaji wa muziki wenyewe. Mnamo Oktoba 2005 mtaalamu wa tarakilishi Mark Russinovich alifichua kuwa santuri za kampuni ya Sony BMG zilikuwa zikiingiza programu ya siri katika tarakilishi za wanunuzi. Programu hiyo, iliyoitwa XCP, ilikusudiwa kuzuia kunakiliwa kwa nyimbo. Ilijificha ndani ya tarakilishi hata mwenyewe asiweze kuiona, iliwasiliana na seva za kampuni santuri ilipochezwa, na ikawaachia wahalifu upenyo wa kuficha virusi vyao.

Waathiriwa walikuwa watu walionunua santuri halali dukani. Aliyenunua nakala ya wizi hakupata shida yoyote. Sony BMG iliziondoa santuri hizo sokoni na mwaka 2007 ikaafikiana na tume ya biashara ya serikali ya Marekani kuwalipa walioharibikiwa hadi dola 150 kila mmoja.

Kenya imekuwa na vita vyake vya hakimiliki tangu enzi za kanda zilizonakiliwa na kuuzwa kiholela. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ilileta vibandiko maalumu vya kuthibitisha kuwa kanda au santuri ni halali. Kibandiko, hata hivyo, hakibandikwi kwenye faili.

Marekebisho ya mwaka 2019 yaliingiza intaneti katika sheria hiyo. Mwenye kazi anaweza kuiandikia kampuni ya intaneti akitaka iondoe au izuie kilichoibwa, na kampuni hupewa saa 48 za kazi kutekeleza. Sheria hiyo haikuzilazimisha kampuni kuchunguza kila kinachopita kwao, msimamo unaofanana na ule wa Ulaya. Mwaka 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliziagiza Safaricom na Jamii Telecommunications kufunga tovuti zilizokuwa zikipeperusha mechi bila idhini, katika kesi iliyowasilishwa na MultiChoice Kenya. Hiyo nayo ni njia ya orodha, si ya kufungua bahasha.

Iwapo mtu atajaribu kuomba kichujio cha aina ya pili hapa nchini, atakumbana na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinacholinda faragha ya mawasiliano, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kufikia hapo mahakama zitalazimika kufanya mizani ileile iliyofanywa Luxembourg.

Teknolojia nayo haikusubiri mahakama. Siku hizi sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti husafiri ikiwa imefumbwa kwa msimbo ambao mtambo wa katikati ya njia hauwezi kuusoma, na kichujio kilichoombwa na SABAM mwaka 2004 kingeona vipande visivyosomeka tu. Macho ya wenye hakimiliki yamehamia kwenye tovuti kubwa zenyewe. Kifungu cha 17 cha sheria ya Ulaya ya mwaka 2019 kinazitaka tovuti za kupakia video na nyimbo kufanya kila juhudi kuzuia kazi zisizo na idhini. Poland iliipinga mahakamani na ikashindwa Aprili 26, 2022, ingawa majaji walisisitiza tena kwamba kichujio kisichoweza kutofautisha halali na haramu hakikubaliki.