Tunakula Chakula Chao, Halafu Tunawauliza Kwao ni Wapi

Watu wangu, tuongee ukweli kidogo. Siku hizi ukifungua simu Jumamosi asubuhi unakutana na video za chakula cha makabila. Leo omena ya Waluo, kesho wali wa Wasomali, kesho kutwa chapati za Wahindi. Ni poa, mimi pia huzitengeneza. Lakini kuna swali huwa tunaliruka: hao watu na sufuria zao walifikaje Eastlands? Ukilifuata hilo swali kutoka kibanda hadi kibanda, utaona kwamba sahani nyingi huku zililetwa na vita, kazi ngumu ama kufurushwa.

Mimi huanzia Kariobangi, kwa sababu nyumbani hakuhitaji nauli. Kibanda kimoja tu kinaweza kuwa na githeri, omena, mrenda, muthokoi na madondo, sufuria zimepangwa laini. Mathe anakuuliza tu, "Nikuwekee chapo ngapi, mwanangu?" Jina lako la pili halimhusu.

Sasa, huo mchanganyiko haukushuka kutoka mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya mkoloni ilizingira Nairobi kwenye Operesheni Anvil, ikitafuta Mau Mau. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa foleni na kukaguliwa, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kwenye kambi za kizuizini kama Manyani na Mackinnon Road. Kazi zilizobaki wazi mjini zikachukuliwa na Wakamba, Waluo na Waluhya. Hali ya hatari ikaisha 1960, na waliofukuzwa wakaanza kurudi. Miaka hiyo ya 1960 ndipo jiji lilipokata viwanja Kariobangi vya kuwahamishia watu waliotolewa kwenye mabanda. Mtu wa githeri na mtu wa omena wakajikuta ukuta kwa ukuta. Moshi haujui kabila, na njaa pia haijui.

Na hiyo chapo ya mathe? Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria. Karibu 2,500 walifia kazini. Reli ilifika Nairobi 1899, wakati hapa palikuwa kinamasi tu. Wengi wa vibarua walirudi kwao, lakini Wahindi wengine walibaki ama wakaja kufungua maduka, na chapati ikabaki nao. Leo Krismasi bila chapo kwa nyumba nyingi za Kenya ni Jumatano ya kawaida.

Ukitoka Kariobangi, panda matatu ya Juja Road, pita Huruma na Mathare, ushuke Eastleigh. Wasomali wameishi hapa tangu enzi za mkoloni, pamoja na Wahindi. Lakini Eastleigh unayoijua wewe, ya maduka juu ya maduka, ilishika kasi baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Somalia mwaka 1991. Wakimbizi walikodi vyumba vya kulala kwenye Garissa Lodge, mchana kitanda kinageuzwa meza ya biashara. Ndivyo gesti ikawa soko. Kaa hapo ule wali wa pilipili manga na iliki, nyama ya ngamia, na ndizi mbivu pembeni. Ndizi unaila pamoja na wali, usiiweke ya mwisho kama matunda ya hotelini. Maziwa ya ngamia nayo yanatoka mbali, mengi yakisafirishwa kwa basi kutoka Isiolo.

Kutoka Eastleigh, shika General Waruinge hadi Kariokor. Wasee huja hapa kwa mbuzi choma na ugali, wengine kwa vyondo na viatu vya ngozi. Jina lenyewe ni Carrier Corps lililopitia mdomo wa Mswahili: kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na si kwa risasi. Posho yao ilikuwa unga wa mahindi, na mara nyingi haukuiva vizuri, ukawaharibu matumbo. Kabla ya hapo, ugali wa jamii nyingi za bara ulikuwa wa wimbi ama mtama. Waliorudi walirudi wamezoea mahindi, na mashamba ya walowezi yakamalizia kazi. Kwa hivyo hiyo sima nyeupe tunayoiita chakula cha mababu, babu wa babu yako huenda hakuijua.

Ukiwa bado na nafasi tumboni, malizia Burma, pale Jogoo Road. Jina hilo lilikuja na askari wa KAR waliotumwa kupigana na Wajapani kule Burma, kwenye Vita vya Pili.

Sasa point yangu. Aprili 2014, miaka 60 kamili baada ya Anvil, polisi waliingia Eastleigh kwenye operesheni ya Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa, na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Mei 2020, katikati ya korona, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi North karibu na mitambo ya majitaka. Kila wakati swali ni lilelile: kipande kiko wapi, na kwenu ni wapi?

Mimi naona sufuria zetu zimelijibu hilo swali kitambo. Watu ambao jiji limewakagua, likawafukuza na kuwabomolea ndio wamelilisha. Huwezi kulamba vidole saa saba mchana halafu saa kumi unashangilia mwenye chakula akipakiwa kwenye lori.

Kwa hivyo wikendi hii ukienda kula kwa jirani, lipa vizuri, na umuulize mwenye kibanda alifikaje hapa. Ukipata jibu, liandike. Vizazi vijavyo watatafuta hii historia, na tukinyamaza watapata picha za sahani tu.